Kabla ya Moshi wa Pruitt-Igoe

Kila anayesimulia habari za nyumba za umma nchini Marekani huanza na picha ileile. Jengo la ghorofa 11 linapiga magoti, kuta zake zinaangukiana, vumbi linatanda juu ya jiji la St. Louis. Tarehe hutajwa kwa uhakika mkubwa: Julai 15, 1972, saa 9:32 alasiri. Maelezo nayo huwa mafupi: serikali ilijenga, maskini wakaharibu, serikali ikabomoa. Nimeitazama picha hiyo kwa miaka mingi na sijawahi kuridhika na maelezo yake. Tukio linalokumbukwa hadi dakika, iweje chanzo chake kimalizwe kwa sentensi moja?

Nilianza na tarehe, maana tarehe ni rahisi kukagua. Simulizi ikaanza kuyumba papo hapo. Jengo la kwanza liliangushwa kwa baruti Machi 16, 1972. La pili lilifuata Aprili, na mfuatano wa picha uliosambaa zaidi ni wa siku hiyo ya Aprili. Milipuko ya Julai 15 ilifunga tu awamu ya kwanza ya ubomoaji. Ile saa na dakika zake niliikuta katika kitabu cha uhakiki wa usanifu kilichotoka 1977, miaka 5 baadaye, ambacho kilihitaji siku ya kutangazia kifo cha usanifu wa kisasa. Kitabu kilikuwa kikizungumzia mitindo ya majengo. Kama hata tarehe imetoka kwa mtu aliyekuwa na hoja nyingine kabisa, ni mangapi mengine tumeyapokea bila kuyapima?

Julai 15 nilikuwa nimeshaiona mahali pengine. Ndiyo siku ambayo Sheria ya Nyumba ya Marekani ilitiwa saini, mwaka 1949, miaka 23 kamili kabla ya milipuko ile. Ni sadfa, wala sitaki kuijengea hoja. Lakini ilinielekeza kwenye maandishi ya sheria yenyewe. Sheria hiyo ilitangaza kuwa lengo la taifa ni kila familia ya Marekani kupata makao yanayostahili, mahali panapofaa kuishi binadamu. Haikuishia kwenye maneno. Iliidhinisha ujenzi wa nyumba 810,000 za umma ndani ya miaka 6, na ikaahidi kulipia theluthi mbili ya hasara ya miji itakayobomoa mitaa ya mabanda na kuisafisha. Ahadi nzito kiasi hicho ilifikaje kwenye baruti?

Jibu la haraka ni kwamba haikutimizwa kwa wakati. Ile miaka 6 ilimalizika kabla hata nusu ya nyumba hizo kujengwa, na hesabu ya 810,000 ilichukua takriban miaka 20 kutimia. Lakini jibu hilo linaeleza upungufu wa nyumba. Halielezi kwa nini zile zilizojengwa, tena katika jiji lililozihitaji vibaya, zilikaa muda mfupi kuliko gari la mtu mwangalifu. Jengo la zege hujengwa lidumu vizazi. Kwa nini haya hayakufikisha hata miaka 20?

Eneo lenyewe liko kaskazini mwa katikati ya St. Louis, Cass Avenue inapokutana na Jefferson Avenue. Ni ekari 57. Baada ya kusafishwa 1976, sehemu kubwa iliachwa, na kwa miongo kadhaa msitu ukaota wenyewe juu ya vifusi: mialoni, vichaka, mizizi iliyopasua lami ya njia za zamani. Kituo kidogo cha umeme kilibaki kimesimama katikati ya miti. Upande mmoja ziko shule. Ng'ambo ya Cass Avenue, serikali imejenga makao mapya ya kazi za ramani na ujasusi kwenye ekari 97, na ili kuyapata, familia zilizokuwa zikiishi pale zilihamishwa. Kwa hiyo ardhi hii si kwamba haina thamani. Mbona basi thamani hiyo haikuwanufaisha waliokuwa wakiishi juu yake?

Nilirudi nyuma zaidi, hadi kabla ya maghorofa. Hapa palikuwa na mtaa wa DeSoto-Carr, wenye nyumba kuukuu za matofali zilizogawanywa vyumba kwa vyumba. Wako wanaousimulia leo kama kijiji cha upendo kilichovunjwa na wapanga miji. Nawaelewa, lakini kumbukumbu zinataka tahadhari. Uchunguzi rasmi wa 1947 ulikuta nyumba 33,000 katika St. Louis ambazo wakazi wake walitumia vyoo vya pamoja. Wapangaji wa kwanza wa Pruitt-Igoe walikabidhiwa bafu ndani ya nyumba, jiko, umeme, na dirisha la kutazama jiji kutoka juu. Waliokuwa watoto wakati ule wamesimulia mbele ya kamera furaha ya mama zao siku ya kuhamia, na sina sababu ya kuwakatalia. Kama mwanzo ulikuwa mwema, ubaya uliingilia mlango gani?

Mlango wa kwanza niliopewa ulikuwa rangi ya watu. Mradi ulibeba majina mawili: Pruitt, rubani mweusi wa Vita vya Pili vya Dunia, na Igoe, mbunge wa zamani mweupe. Majina yalifuata mpango. Upande wa kwanza ulikusudiwa weusi, upande wa pili weupe. Wapangaji wa mwanzo waliingia 1954, na mwaka uliofuata mahakama ya shirikisho ikaamuru ubaguzi katika nyumba za umma za jiji ukome. Weupe waliokuwa wameingia wakaondoka, wengi wakielekea vitongoji vipya nje ya mpaka wa jiji. Wengine huishia hapo. Lakini mwaka 1957 mradi ulikuwa umejaa kwa asilimia 91. Kuondoka kwa weupe hakukuyaacha majengo matupu. Kwa hiyo ni nini kilichowaondoa weusi baada ya 1957?

Majengo yenyewe, wakasema wasanifu. Simulizi hii ndiyo iliyosafiri mbali kuliko zote, na hubeba kipengele kinachovutia: ati mradi ulioanguka kwa aibu ulikuwa umeshinda tuzo kubwa ya usanifu. Nimeikuta tuzo hiyo ikitajwa katika makala nyingi, kila moja ikinukuu nyingine. Niliitafuta yenyewe. Mwaka 1951 jarida moja la usanifu liliusifu mchoro kabla ujenzi haujaanza, na sifa hizo zipo. Tuzo haipo. Mtafiti mmoja aliyechapisha kazi yake 1991 alikuwa ameshaifuata njia hii na kukuta ukuta uleule. Ofisi iliyochora Pruitt-Igoe ilipata tuzo kwa mradi mwingine, Cochran Gardens, katika jiji hilohilo. Huo nao ulikuwa wa maghorofa, na ulikaa na watu hadi miaka ya 2000. Sasa kama mchoraji ni yuleyule na jiji ni lilelile, mchoro unabeba lawama kiasi gani?

Sitaki kuuachia mchoro uende huru kwa urahisi huo. Chukua lifti. Ili kubana gharama, lifti zilisimama ghorofa ya 1, ya 4, ya 7 na ya 10 tu. Mama anayekaa ya 6 alipanda na mifuko yake hadi ya 7, akashuka ngazi moja akiwa na mtoto mkononi. Penye kituo cha lifti palijengwa ukumbi mrefu wenye madirisha, kwa matumaini kwamba watoto watacheza humo wakati wazazi wanafua. Lakini ukumbi wa kila mtu haukuwa na mwenyewe. Balbu ikiungua hakuna aliyewajibika kuibadilisha, na giza likiingia ngazini, abiria wa lifti hana njia nyingine ya kufika mlangoni kwake. Choo nacho hakikuwepo: ghorofa ya chini haikuwekewa choo cha watoto wanaocheza nje, kwa sababu kilifutwa kwenye bajeti. Nani alikuwa akiifuta bajeti hiyo?

Karatasi za mradi zinaonyesha kuwa mchoro wa awali ulichanganya nyumba fupi, za wastani na ndefu. Ngazi ya shirikisho ilitaka gharama kwa kila nyumba ishuke, na matokeo yakawa majengo 33 yanayofanana, yote ya ghorofa 11, yenye nyumba 2,870. Hapo nilikutana na kitendawili kilichonisumbua kuliko vyote. Mradi ulimeza dola milioni 36, na hesabu zinazotajwa huonyesha kuwa hiyo ni asilimia 60 juu ya wastani wa nyumba za umma nchini. Lakini waliokagua ubora wake waliandika kuhusu vitasa vilivyokatika siku ya kwanza kushikwa, vioo vilivyong'olewa na upepo, makabati ya mbao nyembamba kama karatasi. Ilikuwa ghali na dhaifu kwa pamoja. Zabuni za wakandarasi zilikuwa juu, ukomo wa serikali haukusogea, na pengo likajazwa kwa kupunguza yale ambayo mpangaji huyagusa kila siku. Je, udhaifu huo peke yake unatosha kuua mradi?

Hapa mashahidi wawili wananivuta pande mbili. Jirani na Pruitt-Igoe kulikuwa na Carr Square Village, nyumba za umma za chini zilizofunguliwa 1942, zenye wapangaji wa hali ileile. Zile hazikukimbiwa. Mtaalamu aliyeandika kuhusu usalama wa makazi mwaka 1972 aliutumia mfano huo kusema kwamba urefu wa majengo ndio ugonjwa. Ni hoja nzito na sioni njia ya kuikwepa. Lakini New York ilijenga maghorofa marefu zaidi ya umma, mengi zaidi, na sehemu kubwa yake bado inakaliwa. Majengo ni marefu vilevile, nchi ni ileile, sheria ni ileile. Tofauti niliyoiona ni kwamba New York ilikuwa na foleni ya wapangaji mlangoni na mafundi wa kutosha wa kuzihudumia lifti. Kwa hiyo badala ya kuuliza nani alichora, je, haifai kuuliza nani alilipa fundi?

Swali hilo lilinirudisha kwenye sheria, safari hii ya 1937, mama wa nyumba zote za umma za Marekani. Niliisoma nikitafuta mstari mmoja tu: pesa ya matengenezo inatoka wapi? Mpangilio wake uko hivi. Serikali kuu inalipa deni la ujenzi, mwaka baada ya mwaka, kwa niaba ya mamlaka ya nyumba ya jiji. Yanayobaki yote, yaani lifti, boila, bomba lililopasuka, mlinzi, rangi ya ukutani, yanalipwa kwa pango linalotoka kwa wapangaji. Na wapangaji ni nani? Kwa mujibu wa sheria hiyohiyo, ni wenye kipato cha chini, na anayeinuka kipato anatakiwa kuondoka. Sheria ya 1949 iliongeza kamba: pango la juu la nyumba ya umma liwe chini kwa asilimia 20 kuliko pango la chini la nyumba bora ya binafsi. Mpangaji anayeweza kulipa zaidi anatolewa, anayebaki hawezi kulipa, na jengo linazeeka. Waliotunga hawakuliona hilo?

Nadhani waliona, lakini walikuwa wakipigania jambo jingine. Wafanyabiashara wa majengo walihofia kuwa serikali itawanyang'anya wateja, na bila masharti hayo sheria isingepita. Nyumba za umma zilipata uhai kwa kukubali kutoshindana na soko. Ni mapatano ya kisiasa, na mapatano ndiyo njia ya kila bunge. Kwa muda yalifanya kazi, kwa sababu wapangaji wa mwanzo walikuwa wafanyakazi wenye mishahara midogo lakini ya uhakika. Mapatano hayo yalitegemea jiji lenye ajira. Na kama jiji lenyewe likianza kuondokewa na watu?

Majedwali ya sensa ni maandishi makavu, lakini hakuna waraka ulionishtua kuliko hayo. Mwaka 1950 St. Louis ilikuwa na watu 856,796. Mwaka 1970 walibaki 622,236. Mwaka 2020 walikuwa 301,578. Wapanga miji wa miaka ya 1940 walichora Pruitt-Igoe kwa ajili ya jiji linalofurika, nalo likaanza kumwagika kabla zege halijakauka. Aliyepata kazi nzuri aliweza kupata nyumba nje ya jiji kwa malipo yasiyozidi sana pango la ghorofani. Watu wakitoka, pango linatoka nao, na lifti haipunguzi njaa yake ya umeme kwa sababu wapangaji wamepungua. Lakini watu laki mbili na zaidi hawaondoki kwa hiari ya upepo. Nani aliwatengenezea barabara ya kutokea?

Sheria nyingine ya nyumba, ya 1934. Hiyo ndiyo ambayo wengi huisahau wanapohesabu misaada ya serikali. Iliweka bima ya shirikisho kwa mikopo ya nyumba, benki zikapata ujasiri wa kukopesha kwa miaka mingi na riba nafuu, na vitongoji vikaota pembezoni mwa kila jiji. Bima haikumfikia kila mtu. Ramani za miaka ya 1930 zilipaka mitaa rangi kwa kipimo cha hatari ya mkopo, na nyekundu iliangukia palipoishi weusi. Mikataba ya nyumba nayo ilikataza kuuza kwa asiye mweupe. Kesi iliyovunja nguvu ya mikataba hiyo mbele ya mahakama kuu ya nchi, mwaka 1948, ilihusu nyumba ya Labadie Avenue, hapahapa St. Louis. Hukumu ilitoka, lakini kanuni za bima zilibadilika polepole. Familia nyeupe iliyoondoka Igoe ilikuwa na pa kwenda. Familia nyeusi ya Pruitt ingekwenda wapi?

Wakati huohuo, nusu ya pili ya sheria ya 1949 ilikuwa kazini. Mwaka 1959 mabuldoza yaliingia Mill Creek Valley, mtaa wa weusi karibu na stesheni ya reli, ekari 454. Takriban watu 20,000 walihamishwa, makanisa na maduka yao yakavunjwa, na uwanja ulikaa mtupu muda mrefu kiasi kwamba wakazi waliufananisha na Hiroshima. Baadhi ya waliohamishwa waliingia nyumba za umma wakiwa maskini kuliko walivyokuwa. Sheria moja kwa mkono mmoja ilijenga makao, kwa mkono mwingine ikabomoa makao. Nimejaribu kupata hesabu ya jumla inayoiridhisha akili yangu, kati ya nyumba zilizoongezwa na zilizopotea, na nimejikuta nikirudia swali lilelile: sheria iliyoitwa ya nyumba, kwa nini haikulazimisha hesabu hiyo iwekwe wazi?

Kuna kipengele kingine, na nimesita kukiandika kwa kuwa kinaumiza. Kanuni za misaada ya ustawi wa jamii za wakati ule zilinyima fedha familia ambayo ndani yake kuna mwanamume mwenye nguvu za kufanya kazi. Baba asiye na kazi aliondoka ili watoto wale. Wapo waliokulia Pruitt-Igoe wanaosimulia jinsi walivyofundishwa kumkana baba mlangoni. Miaka kadhaa baadaye, wachambuzi walihesabu familia zisizo na baba katika mradi na kuandika kwamba utamaduni wa wapangaji ndio uliouangusha. Walihesabu sawasawa. Lakini waliuliza kanuni hiyo iliandikwa wapi?

Wapangaji wenyewe, katika simulizi iliyozoeleka, hawana sauti. Wanavunja vioo, wanaondolewa, basi. Kumbukumbu zinasema jingine. Mwaka 1969 wapangaji wa nyumba za umma za St. Louis, Pruitt-Igoe ikiwemo, waligoma kulipa pango. Pango lilikuwa limepandishwa ili kuziba pengo la matengenezo, hadi baadhi yao walilipa robo tatu ya kipato chao kwa nyumba isiyo na joto. Zaidi ya watu 1,000 walishikamana kwa miezi 9, mpaka makubaliano yakasainiwa mwezi Oktoba. Desemba mwaka huohuo, Bunge la Marekani liliweka ukomo: mpangaji wa nyumba ya umma asitozwe zaidi ya asilimia 25 ya kipato chake. Mwaka 1981 ukomo ulipandishwa kuwa asilimia 30, na ndio unaotumika leo katika misaada mingi ya nyumba. Watu wanaodaiwa kuwa waharibifu waliandika mstari wa sheria ya nchi. Iweje picha ya vumbi ijulikane dunia nzima na ushindi huu usijulikane?

Ushindi huo, nao, niliufuata hadi mwisho wake. Pango likipunguzwa, mfuko wa matengenezo unapungua zaidi. Bunge liliruhusu ruzuku ya uendeshaji ili kuziba, lakini ruhusa si fedha, na fedha zilichelewa. Kufikia 1971, watu kama 600 waliishi katika majengo 17. Majengo 16 yalikuwa yamezibwa kwa mbao. Mabomba yaliganda na kupasuka wakati wa baridi, maji yakatiririka ngazini na kuwa barafu. Ndipo wakaja mafundi wa baruti. Kama jengo la kwanza liliangushwa Machi 1972 kwa kukosa fedha za kulitengeneza, ni lini hasa uamuzi wa kuacha nyumba za umma ulifanywa?

Simulizi inasema: baada ya moshi. Taifa liliona, likashtuka, likabadili njia. Tarehe zinaelekea kukubali, ukizitazama kwa mbali. Januari 1973 serikali kuu ilisimamisha misaada mipya ya nyumba. Agosti 22, 1974, ikiwa ni wiki mbili tu tangu rais mmoja ajiuzulu na mwingine aapishwe, ikasainiwa Sheria ya Nyumba na Maendeleo ya Jamii. Sheria hiyo ilizaa vitu viwili vinavyoishi hadi leo. Kwanza ni Section 8, ambapo serikali humlipia mpangaji sehemu ya pango katika nyumba ya mtu binafsi. Pili ni ruzuku ya fungu moja kwa miji, iliyokusanya programu kadhaa, ikiwemo ile ya kubomoa mitaa, na kugawa fedha kwa fomula ya idadi ya watu, umaskini na msongamano. Moshi, kisha sheria: je, mfuatano huo unatosha kuwa ushahidi?

Nilitafuta mizizi ya vocha za pango za Section 8 nikidhani nitaikuta 1973. Nikaikuta 1970, katika sheria iliyoagiza majaribio ya posho za nyumba. Nikarudi hadi 1965, sheria iliporuhusu mamlaka za miji kukodi nyumba za watu binafsi kwa ajili ya maskini. Nikaendelea kurudi, na mwisho nikafika kwenye mijadala ya miaka ya 1930, ambapo wapinzani wa nyumba za umma walipendekeza wazo lilelile: mpeni maskini cheti cha pango, serikali isijenge. Wazo lililoshinda 1974 lilikuwa na umri sawa na nyumba za umma zenyewe. Halikuzaliwa na baruti. Lilisubiri. Basi ile picha ya 1972 ilikuwa na kazi gani katika hoja iliyokuwa tayari imeandikwa?

Sisemi wazo lilikuwa baya. Vocha imewatoa watu wengi kwenye majengo mabovu na kuwapa nafasi ya kuchagua mtaa. Ninachokipinga ni picha kugeuzwa hukumu. Msomaji mwenye ndugu aliyehamishiwa Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma huenda amesikia habari za foleni ya Section 8, inayoweza kuchukua miaka, na ambayo miji mingi huifunga kwa sababu imejaa. Foleni hiyo imo ndani ya sheria. Msaada wa nyumba haukufanywa haki ya kila anayestahili. Hutegemea kiasi Bunge linachotenga kila mwaka, na katika kaya nne zinazostahili, moja hivi ndiyo inayofikiwa. Na ile ruzuku ya fungu moja, pamoja na neno nyumba kuwamo katika jina la sheria yake, kwa kawaida hairuhusiwi kujenga nyumba mpya. Hutengeneza paa, mabomba, barabara, zahanati. Ni kazi njema. Lakini nyumba mpya za wenye kipato kidogo zilijengwa na nani baada ya hapo?

Njia ikanifikisha 1986, kwenye sheria ya kodi ya mapato. Humo kuna unafuu wa kodi unaouzwa kwa wawekezaji ili fedha zao zijenge nyumba za pango nafuu, na leo ndicho chanzo kikuu cha nyumba za namna hiyo nchini Marekani. Nyumba za umma zenyewe zilifungiwa: sheria ya 1998 ilizuia kila mamlaka kuzidisha idadi iliyokuwa nayo Oktoba 1, 1999. Nilisoma masharti ya unafuu huo wa kodi nikitafuta mstari uleule nilioutafuta katika sheria ya 1937. Mjenzi analazimika kushikilia pango nafuu kwa miaka 15, na kwa miradi ya baada ya 1989, kwa kawaida miaka 30. Miradi ya mwanzo ya kundi hilo ilianza kufikisha miaka yake 30 mwaka 2020. Boila zake zimezeeka, paa zinataka kuezekwa upya, na wapangaji wake bado ni watu wa kipato kidogo. Katika mwaka wa 31, fundi analipwa na nani?